Kuku wa Ijumaa

Ifakara, mwezi wa Juni

Bene, mtani wangu,

Desturi ya barua ni kuanza kwa kuulizana hali. Hapo naruka. Hali yako naijua, maana sanduku lako nililipigilia mimi mwenyewe, misumari kumi na sita, na hakuna hata mmoja uliopinda. Nimekuja kukueleza hali yangu, ambayo si nzuri, na nitaieleza kwa mpangilio kwa sababu hesabu isiyopangwa haisomeki.

Imepita miezi miwili na siku sita. Mpunga wako wa ng'ambo ya Kivukoni tumeuvuna, mimi na wadogo zako. Kona ya mtoni kiboko aliimaliza, lakini uliobaki umekuwa mzuri, na mama yako sasa anakula bila kubembelezwa. Dungu lako tumelibomoa. Kabla ya kulibomoa nilipanda nikakaa pale ulipokuwa unakaa kufukuza ndege, nikahesabu vidato vya ngazi. Saba. Mtu mwenye homa hashuki vidato saba peke yake. Ndiyo maana walikukuta juu, wakakushusha mgongoni, ukafia ndani ya mtumbwi kabla haujagusa upande wetu.

Ungekuwa bado mwalimu wa dini, usingekuwa unalala kwenye dungu. Ungekuwa darasani unafundisha watu amri kumi, na shamba ungeliendea Jumamosi kama zamani. Basi mimi nilitaka jina moja tu: la mtu aliyekwenda misheni kumwambia Padri habari za sinema yetu. Wewe ulinikataza. Uliniambia, "Thadei, ukimtafuta mchawi utampata hata kama hayupo." Nilikusikia. Nikaendelea kutafuta.

Unakumbuka mashine ilivyoingia mjini. Yule mzungu wa mashamba ya Kiberege alipokuwa anafunga mizigo kurudi kwao, nilimtengenezea baiskeli za vibarua wake wote, na ujira wangu nikasema nataka ile mashine ya sinema iliyokuwa inaota kutu stoo, pamoja na picha yake moja, magurudumu mawili ya filamu. Watu walinicheka. Mimi niliyeanza kwa kubeba magunia ya watu nikiwa na kaptula moja, sasa nataka sinema. Nikaifungua, nikaisafisha, nikaiunganisha na dainamo ya mashine ya kukoboa mpunga ya Mzee Shomari, na Jumapili baada ya misa, mashine ya mpunga ikiwa haina kazi, ghala lake likawa sinema. Tuliziba madirisha kwa magunia. Shuka alitoa mke wangu Skolastika. Mwanga ukipita ulikuwa umejaa pumba, na watu walikuwa wanapiga chafya kabla picha haijaanza.

Lugha ya picha ile hakuna aliyeijua. Si Kiingereza, maana Kiingereza cha kuagizia spea nakijua. Wewe ulisema unasikia Kilatini ndani yake, halafu baadaye ukakiri ulikuwa unadanganya. Lakini ulisimama pembeni ya shuka na fimbo yako ya kufundishia, ukawasemea wote. Yule mtawa mnene aliyeshikwa na njaa siku ya Ijumaa, siku isiyoliwa nyama, akaiba kuku wa kuchoma jikoni, akasikia mtu anakuja, akamficha chini ya sanamu ya mtakatifu, kwenye uwazi wa mguuni. Wale bibi vizee waliokuja kusali wakasikia harufu. Wakapiga magoti, wakalia, wakasema mtakatifu ananukia. Kesho yake kijiji kizima, keshokutwa maandamano yenye mishumaa na mbwa kumi nyuma yake, na mwisho askofu mwenyewe. Na yule mtawa kila akitaka kumchukua kuku wake, anakuta watu wamempigia magoti.

Mimi nilikuwa nageuza filamu huku machozi yananitoka. Maana mtawa yule ulimpa sauti ya Padri wetu. "Sikilizeni vizuri, wapenzi, kwa maana sirudii." Halafu anarudia mara tatu. Kila Jumapili Padri anasema harudii, na kila Jumapili anarudia, na miaka yote hiyo tulikuwa hatujawahi kucheka kwa sauti. Siku ile ghala lilitikisika. Mzee mmoja alishuka kwenye benchi akalala chini kwenye pumba.

Jumapili ya kwanza waliingia watu hamsini na wanane. Jumapili ya pili thelathini na mmoja, kwa sababu kulikuwa na ngoma Kisawasawa. Niliwahesabu mlangoni, unajua tabia yangu. Na hiyo ya pili filamu ilikatika gurudumu la pili, pale maandamano yameshaingia kanisani na askofu anainama kutazama mguuni mwa mtakatifu. Nikawaambia imekatika, watu wakatoka wakinung'unika.

Jumapili ya tatu hakukuwa na sinema. Padri alisimama mbele ya watu akasema kwamba katika mji huu hata watakatifu wanasemeshwa habari za kuku wa Ijumaa, na wanaosemesha ni wale wanaokula mezani kwake. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Kesho yake ulirudisha ufunguo wa darasa.

Sasa sikiliza nilivyopiga hesabu yangu. Mtakatifu mwenyewe kusema, "Sogeeni mbali, leo Ijumaa," ulimsemesha Jumapili ya pili tu. Ya kwanza hakusema neno, nakumbuka, kwa sababu ya pili nilishangaa nikakaribia kuichoma filamu kwenye taa. Kwa hiyo msemaji alikuwa katika wale thelathini na mmoja. Katika hao, ishirini na wawili walikuwepo pia ya kwanza, na wale waliona picha mpaka mwisho wake. Mtu aliyeuona mwisho ule, akienda kusema, ataanza na mwisho. Padri hakugusa mwisho hata kidogo. Toa ishirini na wawili, wanabaki tisa. Wanne ni wavuvi wa Kivukoni waliorudi kambini jioni ileile, wala hawakupanda tena mjini mpaka mwezi ulipoisha. Watano. Watatu ni wageni waliokuja na ng'ombe wao, Kiswahili chenyewe wanakiokota. Wawili.

Mzee Shomari, aliyekuwa Kiberege kununua mpunga Jumapili ya kwanza. Na mke wangu, aliyekuwa kwao Kisawasawa Jumapili hiyohiyo ya kwanza.

Hesabu hii nilikuficha, Bene. Nilijua ungeicheka.

Nilianza na Mzee Shomari kwa sababu ni rahisi kumdhania mtu wa dini nyingine. Nikajiambia, huyu ametoka pwani na mzigo wa nguo, leo ana ghala na mashine, mtu hafiki hapo bila kujipendekeza kwa wakubwa. Kumbe na mimi nimefika nilipofika, na sikujiuliza nilijipendekeza kwa nani. Nilikwenda dukani kwake nikamwuliza mbele ya wateja. Akaniangalia, akaendelea kukunja kitambaa alichokuwa anakunja. Akasema, "Thadei, mimi na Padri wenu tunasalimiana habari za mvua. Ikinyesha tunasema imenyesha." Watu wakacheka. Mimi nikaondoa mashine yangu ghalani siku hiyohiyo, na tangu siku hiyo nikaacha kumwamkia. Mzee wa umri wa baba yangu, napita mbele ya duka lake kama napita mbele ya mti.

Ulipokufa, alituletea doti za marekani kwa ajili ya sanda yako, safi, za kutosha na kubaki. Mama yako alizipokea kwa mikono miwili. Mimi nilisimama pale nikafikiri: huyu analipa kosa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Mtu akitenda ubaya ni adui, akitenda wema ni ushahidi.

Na Skolastika. Unajua yeye ni mmoja wa akina mama wanaofua nguo za kanisa kila Jumatatu. Jumatatu iliyofuata ile picha ya pili alirudi akicheka, akasema kanzu ya Padri imejaa pumba mpaka mifukoni, hivi Padri naye siku hizi analala na kuku? Mimi sikucheka. Niliweka neno lile akiba. Padri aliposema maneno yake kanisani nikalitoa: ahaa, kumbe huyu huko misheni wanazoeana mpaka mifuko ya kanzu. Nilimwuliza mara tatu, kwa siku tatu tofauti, nione kama majibu yatalingana. Mara ya tatu aliniambia, "Thadei, wewe ukikosa tundu kwenye mpira unalaumu maji." Akatoka nje. Tangu hapo tumekuwa tunaishi nyumba moja kama wapangaji.

Halafu ukafa, na hapo ndipo nilipokukosea wewe.

Sisi watu wa Mahenge na nyinyi Wandamba ni watani. Tumechimbiana makaburi tangu babu zetu. Baba yangu alipokufa, wewe ulishuka kaburini, ukalala chali kupima, ukasema, "Mzee, sogea, umeniachia nafasi ndogo kama ulivyoninyima kopo langu la kwanza la pombe." Mama yangu, aliyekuwa hajafungua mdomo siku mbili, alicheka mpaka akashikwa. Ilikuwa zamu yangu. Watu walinitazama. Wadogo zako walinitazama. Hata mama yako aliinua uso akanisubiri nikutukane kidogo, nimpunguzie mzigo.

Sikusema kitu. Nilikuwa nawahesabu watu waliokuja, natafuta nani anakwepa macho yangu. Nikamwona Padri anasoma sala, akairudia, akairudia tena, mara tatu, na nikafikiri: huyu naye kwa nini anarudia? Ukafukiwa bila utani, Bene. Mndamba kazikwa, mtani wake kasimama pembeni kama karani.

Sasa njoo Jumatano iliyopita. Padri alikuja karakana anasukuma baiskeli. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina. Akasema gurudumu la nyuma lina kasoro. Nikaipindua baiskeli, nikalizungusha, nikahesabu spoku: thelathini na mbili za mbele, arobaini za nyuma, zote zimekaza. Mnyororo una mafuta. Baiskeli nzima. Nikajiuliza, mtu mwenye baiskeli nzima anataka nini kwa fundi?

Akakaa juu ya lile sanduku la spea ulilokuwa ukikalia wewe. Akafuta miwani. Kisha akasema, "Thadei, yule kuku, mwishowe alimla nani?"

Nikasema, kuku gani, Padri? Maana nilijua ni mtego.

"Yule wa chini ya mtakatifu. Mimi niliondoka wakati maandamano yanaingia kanisani."

Alisema "niliondoka", kumbe alikuwepo. Bene, niliacha mkono wangu ndani ya gurudumu likanigonga vidole.

Nilihesabu mlangoni. Wote walioingia, mmoja mmoja, nilijua majina yao na nani alikaa wapi. Walio nje ya magunia sikuwahesabu. Ulikuwa umeitwa kubatiza mgonjwa mahututi, na Padri alikuja mwenyewe kukutafuta. Akasikia kicheko. Akazunguka nyuma ya ghala, kwenye lundo la pumba, akapata tundu kwenye gunia, akaona nusu ya shuka, akakaa chini. Akaniambia alicheka. Aliponiambia hivyo alitazama mlangoni kwanza. Alicheka sana, alisema, mpaka akajifunga mdomo kwa kanzu, na alikuwa amecheka kitambo kizima kabla hajajua kwamba yule anayechekwa ni yeye.

"Nilikuwa najiona nasema Kiswahili vizuri," akasema.

Hakuna aliyetusema. Thelathini na mmoja wote hawana hatia, na pumba zilikuwa kwenye kanzu, na mke wangu aliniambia kesho yake tu.

Sikumwamini upesi, usidhani. Nikafikiri huenda amekuja kumfichia mtu wake, anajitia hatiani ili nisiendelee kuchimba. Nikamwuliza mtakatifu alisema nini. Akajibu, kwa sauti yako, yaani kwa sauti yako ya kumwigiza yeye: "Sogeeni mbali, leo Ijumaa." Ilikuwa ajabu kumsikia. Basi nikaweka bisibisi chini.

Nikamweleza utani. Nikamwambia kwetu mtu akizika na wewe mwaka baada ya mwaka, akala msibani kwako, akalia na wewe, huyo anakuwa mtani, na mtani huchekwa mpaka na maiti, wala hakuna kesi. Sisi tulihesabu miaka yake kumi na tisa hapa, tukahesabu makaburi aliyoyabariki, tukaona huyu ameshafika. Hesabu haikuwa na kosa. Tulisahau tu kumwambia mwenyewe.

Akasema miaka yote hiyo amekuwa akiwaona watu wanaruka makaburini na kutukana maiti, akidhani ni walevi. Alikuwa anawaombea.

Kisha akaniambia jambo ambalo wewe hukuniambia. Kwamba ulikwenda misheni kumtaka radhi. Mara ya kwanza alikuwa na hasira, hakutoka. Mara ya pili alikuwa safarini. "Mara ya tatu," akasema, "aliletwa." Hapo hatukutazamana. Mimi nilitazama gurudumu, na nadhani yeye alitazama viatu.

Aliponyanyuka akauliza tena habari ya kuku. Nikamwambia. Kwamba askofu anainama, anamwona kuku, anainuka na uso wa utakatifu, anawaamuru watu wote watoke anataka kusali peke yake. Anafunga mlango kwa komeo. Anageuka, anamkuta yule mtawa mnene amejificha nyuma ya nguzo. Wanatazamana. Na askofu anamkata kuku paja, anampa, na wewe ukamsemea, "Mwanangu, muujiza huu ni mdogo. Hautoshi watu wote."

Padri alishika tandiko la baiskeli. Alicheka bila sauti, mabega tu, kama mtu anayekohoa. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba tena. Mara tatu, Bene, kwa hesabu yangu.

Akauliza, mtani akichekwa hufanya nini? Nikasema hurudisha. Na kama aliyemcheka amekufa? Nikasema, hapo ndipo hasa mahali pake, Padri, kaburini.

Jioni nilimweleza Skolastika. Hakusema alijua. Alisema Jumatatu kuna kanzu za kufua na yeye mgongo unamuuma. Nikafua mimi, kisimani, mbele ya akina mama saba, na kila mmoja alikuwa na lake la kusema, nami nikanyamaza kwa sababu ilikuwa haki yao. Usiku ule aliniwekea chakula akakaa kula na mimi.

Kwa Mzee Shomari nilikwenda asubuhi kabla hajafungua. Nikasema shikamoo. Akatafuta ufunguo kwenye mfuko mmoja, akatafuta kwenye mfuko mwingine, akaupata, akafungua. Ndipo akajibu, "Marahaba. Na zile za miezi minane?" Nikampa nyingine. Akasema ya tatu niende nikaipe ile mashine, maana ghala lake limekuwa baya tangu niiondoe, watu wanakuja kuuliza picha na yeye anawauzia nguo tu.

Jumapili hii baada ya misa tunakuja kwako. Mimi, Skolastika, mama yako, wadogo zako, na Mzee Shomari amesema atasimama kidogo pembeni lakini atasikia. Padri anakuja. Tangu Jumatano anaandika utani wake kwenye karatasi, amekataa kunionyesha. Sina hakika nao. Mtu anayeandika utani kwa wiki nzima, mimi namwogopa. Ukiwa mbaya, vumilia. Ni wa kwanza kwake, na wewe hutakuwa na la kufanya.

Na mimi nakuahidi ule niliokunyima. Ninao tayari, sikuuandika popote. Nitaanza na masomo yako ya Kilatini. Nitataja lile kopo uliloliwekea kinyongo miaka yote kwa baba yangu. Nitahakikisha mama yako anacheka, na nisipofaulu mara ya kwanza nitasimama pale mpaka acheke.

Picha nayo nitaionyesha tena, na filamu nimeiunga. Lakini hakuna atakayesimama pembeni ya shuka. Watu wataangalia midomo ikifunguka, na kila mtu atasikia anavyokumbuka.

Lala salama, mtani. Sikiliza vizuri, kwa maana sirudii.

Lala salama.

Lala salama.

Thadei